Kovu Lililo Chini ya Nywele Zako

Hamisi,

Salamu ndefu huandikiana watu ambao hawajagombana, kwa hiyo mimi nakupa moja tu, ya mama, na tuendelee. Barua hii nimeisokomeza ndani ya glavu yako ya kushoto. Nguo nilizokukunjia najua hutazigusa mpaka ufike, lakini glavu utazitoa kwenye treni uwaonyeshe abiria wenzako. Nakujua.

Sitakuambia habari ya sweta, wala ya kuficha nauli kwenye soksi, wala ya kwenda kumsalimia shangazi yako Eastleigh. Hayo baba yako ameyasema jioni nzima mpaka ukasinzia kwenye kiti. Mimi nina jambo moja na unalijua, ndiyo maana tangu mchana nikiingia chumba hiki wewe unatokea kile. Kesho jioni unapanda treni kwenda Nairobi kujiunga na timu ya ngumi ya kampuni, upewe kazi, kitanda na ulingo. Asubuhi ukifika, daktari wa timu atakupima. Umefuga nywele tangu mfungo ulipoisha ili asilione kovu lako, na mimi umeniomba ninyamaze. Nimekasirika, Hamisi. Nimekasirika hadi leo wodini nimemfokea mgonjwa ambaye kosa lake lilikuwa kuomba maji.

Watu wakikuuliza, wewe husema, "Nilianguka nikiwa mdogo, wakanishona." Hawakukushona tu. Hata lile kovu la tumboni umewaambia vijana wenzako kwamba ni la kidole tumbo. Nilikusikia ukisema hivyo pale uani, nikaacha kufua. Basi nitakueleza mwenyewe kilichofanyika, maana nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha upasuaji kabla hujazaliwa, na sijawahi kukusimulia yote. Kwanza ulikuwa mtoto wa kuogopeshwa, halafu ghafla ukawa kijana wa kutosikia.

Tulikuwa tumekwenda kwa nyanya yako upande wa Kibos. Trela za miwa zilikuwa zikipita kuelekea kiwandani, na nyinyi watoto mlikuwa mkizikimbilia kwa nyuma mchomoe miwa. Nilikuwa nimekataza. Nilikuwa nimekataza mpaka sauti ikakauka. Ulidandia, ukateleza, ukapiga kichwa lami upande wa kushoto, juu ya sikio. Ukanyanyuka. Ukacheka. Dada yako Zuhura anasema hata muwa wenyewe hukuuachia. Mlikaa mkautafuna nyuma ya choo cha nyanya, na ukamwapisha asiniambie, kwa sababu uliogopa kofi langu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala mpaka leo. Si kwa sababu ya trela. Watoto wote wa Kibos walidandia trela. Ni kwamba mwanangu aliumia kichwa akaona bora afe na siri kuliko kupigwa na mama yake. Mkono wangu ulikuwa mwepesi siku zile, nilifikiri ndio malezi. Ulikuja ukala vizuri, ukasema kichwa kinauma, ukalala. Ulipotapika usingizini na kukataa kuamka, Zuhura akalia na kusema yote. Nikafunua macho yako. Mboni ya kushoto ilikuwa imetanuka, ya kulia iko sawa. Muuguzi akiona hivyo hahitaji kuambiwa kitu. Damu ilikuwa inakusanyika ndani ya fuvu na kuusukuma ubongo upande mmoja.

Tulikuleta mjini kwa pikapu ya jirani wa nyanya. Hospitalini, daktari wetu wa upasuaji alikuwa ndio anavua viatu vyake vya mpira. Hakuwa daktari wa vichwa. Kisumu nzima haikuwa na daktari wa vichwa. Huyu alikuwa mtu wa matumbo na ngiri na miguu iliyovunjika, lakini alikuwa ameshafungua vichwa kadhaa kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuvifungua. Kukupeleka Nairobi ilikuwa ni kukupeleka mpaka Kericho halafu kurudi na maiti. Wagonjwa wa namna hiyo nilikuwa nimewapakia mwenyewe kwenye ambulansi, na wengi sikuwaona tena. Ninaudhika nikikumbuka. Mji mzima, na ziwa lake na meli zake na viwanda vyake, hauna mtu mmoja wa kazi hiyo.

Nilitaka kuingia. Daktari akaniwekea mkono begani, akasema, "Sista, leo wewe ni mama tu. Keti nje."

Nikaketi kwenye benchi la wenye wagonjwa. Mtu asiyejua kazi hukaa pale akasali na kusikia kelele tu. Mimi nilijua kila kilichokuwa kikifanyika kwa masikio. Nilijua wanakunyoa. Nilijua wakati wa kisu, kwa sababu waliacha kuongea. Ngozi ya kichwa hukatwa kwa umbo la kwato ya farasi na kukunjwa kuelekea sikioni, na hutoa damu kuliko ngozi yoyote ya mwili, kwa hiyo ukingo wote hubanwa kwa vibanio vidogo, kimoja baada ya kingine. Nilisikia vikigonga bakuli la chuma vilipokuwa vikichukuliwa.

Halafu keekee ya kutobolea mfupa. Usifikiri ni mashine ya ajabu. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, sawasawa na keekee ya seremala, ila ya chuma kitupu. Daktari huiegemea kwa kifua na kuizungusha polepole, na msaidizi humwagia maji ili mfupa usiungue. Kazi yote ni kusikiliza. Mfupa wa nje ni mgumu, wa katikati ni laini na unatoka damu, wa ndani ni mgumu tena lakini mwembamba. Sauti inabadilika. Mkono usiposimama hapo, ncha inazama kwenye ubongo. Nilikuwa nimesimama kando ya meza hiyo mara nyingi nikishika bomba la maji, na sikuwahi kusali. Siku ile, kila sauti ilipobadilika, niliuma kanga yangu.

Alitoboa matundu kadhaa kwa mzunguko. Kisha kati ya tundu na tundu hupitishwa kibati chembamba chini ya mfupa, juu ya utando unaofunika ubongo, na juu ya kibati hicho hupitishwa msumeno wa waya. Unavutwa huku na huku kwa mikono miwili kutoka ndani kwenda nje. Mfupa hukatwa kwa mshazari ili siku ya kuurudisha ukae juu ya ukingo, usitumbukie. Ndivyo kipande cha fuvu lako, kipana kama kiganja changu, kilivyotolewa. Chini yake kulikuwa na damu iliyoganda, nzito kama ini. Aliiondoa kwa kijiko na maji, akaufunga mshipa uliopasuka, akaushona utando juu kwenye ukingo wa mfupa ili damu isipate tena nafasi ya kujikusanya.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Ubongo ulikuwa umeshavimba, na kuurudisha mfupa ingekuwa kuukaba. Unajua mfupa kama huo unawekwa wapi mahali pasipo na jokofu la kuaminika? Daktari alipasua ngozi ya tumbo lako upande wa kulia, akaulaza mfupa ndani ya mafuta ya tumbo, akashona juu yake. Mwili wako mwenyewe ukautunza. Hicho ndicho kidole tumbo chako, bwana.

Walituambia utarudishiwa baada ya miezi michache. Hapo ndipo nilipojifunza kukasirika kwa namna ya kudumu. Tulipopewa tarehe, mtambo wa kuchemshia vyombo ulikuwa umeharibika. Tulipopewa nyingine, daktari alikuwa amehamishwa Pwani na mpya hajafika. Mpya alipofika, waya wa kufungia mfupa haukuwepo. Mara damu ya akiba hakuna, mara foleni ya ajali. Mimi ni mtu wa ndani, nafanya kazi mlango wa pili, na bado nilikuwa naambiwa, "Sista, vumilia kidogo." Nilivumilia nikikuangalia ukilala na upande mmoja wa kichwa umebonyea, ukilia unafura. Shuleni wakakupa jina Kifuniko. Ulikuwa ukirudi nyumbani umepigana kila siku, na kila ukipigana mimi moyo ulikuwa unasimama, maana kati ya ngumi ya mtoto na ubongo wako palikuwa na ngozi tu.

Walipolifungua tumbo hatimaye, mfupa ulikuwa umeliwa pembeni. Mwili ukikaa na mfupa kama huo muda mrefu, huanza kuula. Haukutosha tena vizuri mahali pake. Daktari mpya alitoboa vitundu vidogo kwenye mfupa na kwenye fuvu, akaufunga kwa waya, akasawazisha alivyoweza. Alipotoka aliniita pembeni akaniambia wazi: "Atasoma, atalima, ataendesha baiskeli, ataoa. Kupigwa kichwani, hapana. Ule utando umeshikana na kovu. Pigo la kawaida kwa mwingine, kwake linaweza kuchana kitu." Maneno hayo nimekurudia mpaka unayasema pamoja nami ukinikejeli.

Sasa unaniuliza, kama nilijua yote hayo, kwa nini nilikuacha uende ukumbi wa ngumi? Umeniuliza hivyo mchana ukaubamiza mlango. Haya, nikujibu. Baba yako ndiye aliyekupeleka, akisema mtoto anayeitwa Kifuniko lazima ajue kujilinda. Mimi nilikubali kwa sharti la kupiga gunia na kuruka kamba tu. Nilikubali kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu upasuliwe ulikuwa unatembea umeinua uso. Nilikushonea hata bukta. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kijana atapiga gunia maisha yake yote bila kutamani gunia limrudishie.

Siku ile Maseno, mlipopambana na wanafunzi, wewe ulidhani niliondoka ukumbini kwa aibu. Sikuona aibu. Unasimama bega la kushoto mbele, Hamisi. Mkono wa kulia wa mwenzako, ule wenye nguvu, hutua upande wako wa kushoto. Kila mara. Nilikuona ukiupokea mmoja, ukatikisa kichwa, ukatabasamu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikatapika kando ya ua, na mwanafunzi mmoja akaniletea maji akidhani nina mimba.

Wiki hii nikaona sina tena wa kunisaidia ila kocha wako, Okelo. Nilimfuata pale sokoni Otonglo anakouza mahindi mkewe akiwa na udhuru. Nilikuwa nimejipanga: nitamwambia siri yako, yeye atashtuka, atakufuta kwenye orodha, wewe utanichukia mwezi mmoja, yataisha. Nikamwambia. Unajua alifanya nini? Aliendelea kupima mahindi.

"Mama Zuhura," akasema, "hiyo alama mimi niliona kitambo. Tangu hiyo siku aliingia ndani ya maji pale Dunga, nywele ikalala. Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Sasa niseme nini? Kijana iko sawa. Mfupa ikishashikana inakuwa ngumu kushinda ya kwanza. Hata mguu iko hivyo."

"Nani alikuambia? Huo mfupa umefungwa kwa waya, Kocha. Umeliwa pembeni. Mimi niliuona."

"Yawa, Mama! Nyinyi watu wa hospitali mnaogopa sana. Enda hapo Kisii uone. Wazee wao wanafungua mtu kichwa na kisu, ameketi chini hivi, wanakwangua mfupa pole pole. Akipona anaenda shamba kulima. Mimi nimeona mmoja na macho yangu."

"Kulima! Jembe linampiga kichwani?"

Wateja wakacheka, na yeye akacheka. "Nyathini tek," akawaambia wateja kwa Kijaluo, mtoto huyu ana nguvu, kana kwamba si mimi niliyekuzaa. Kisha akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi, "Mama, hii Kisumu tuko na vijana wangapi wanapata kazi na kitanda? Wacha mtoto aende."

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka mtu aone uso wangu. Niwe mkweli kwako, maneno yake ya mwisho yalinichoma kuliko ya kwanza. Najua huna kazi nyingine. Najua cheti chako kimezunguka ofisi zote za mjini hadi kimechakaa mikunjo. Najua ukiwa ulingoni hakuna anayekuita Kifuniko. Usidhani sijui ninachokunyang'anya. Lakini Okelo hajui kitu kimoja ambacho nakijua mimi na wewe unakijua ukipenda. Yule mzee wa Kisii anakwangua polepole ili asipenye utando. Daktari wetu alisimamisha keekee sauti ilipobadilika ili asipenye utando. Wote waliowahi kugusa vichwa vya watu kwa nia ya kuponya, wanaogopa hapo hapo. Ni kocha tu asiyeogopa.

Kwa hiyo leo mchana nimefanya jambo, na nataka ulisikie kwangu. Nilikwenda ofisi ya hospitali nikaomba simu ya Nairobi. Nilimtafuta daktari wa timu mpaka nikampata. Sikumpa hadithi ndefu. Nilimwambia, mimi ni sista wa upasuaji Kisumu, kuna kijana anakuja kwako keshokutwa ana mfupa wa kichwa uliotolewa ukarudishwa.

Akauliza, "Ni nani wako?"

"Ni mwanangu."

Akasema, "Sista, wote nitawanyoa. Kwa hiyo kovu nitaliona. Ulingoni hapandi, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Lakini nikilikuta kwa wembe baada ya yeye kuniambia hana kitu, amedanganya, na kampuni haimchukui mtu wa hivyo hata kufagia. Atarudi na treni ya jioni. Akija akasema mwenyewe kabla ya kunyolewa, kazi ya stoo nitamwombea. Siahidi. Nitamwombea."

Basi. Mlango wa ulingo nimeufunga mimi, mama yako, kwa simu ya serikali. Okelo hajui, baba yako hajui. Kilichobaki wazi ni kile cha stoo, na hicho siwezi kukufungulia kutoka huku. Una njia nzima, Muhoroni, Nakuru, mpaka kule, ya kuamua kama utasema kwa mdomo wako au utangoja wembe. Nakuomba useme. Uliwahi kuficha kichwa kilichoumia kwa kuniogopa, na nilikaribia kukuzika. Safari hii unayemwogopa ni nani? Si mimi tena. Mimi nimeshafanya baya langu lote.

Najua sasa hivi umesimama kwenye korido ya treni umekunja barua hii mkononi, unataka kuitupa dirishani. Najua unachotaka kuniita. Nikuambie basi jambo ambalo Zuhura huona haya kulisimulia. Ulipoamka baada ya kupasuliwa, hukuwa na maneno. Ulitutazama, ulikula, ulinyoosha kidole, lakini sauti haikutoka, na daktari akasema upande ule ulioumia ndio wa kusema, huenda irudi, huenda isirudi. Wiki zikapita. Nilikuwa nakuimbia, nakutajia majina ya vitu, kikombe, shuka, dirisha, na wewe unanitazama tu. Siku moja nikawa nabadilisha bandeji, nikaivuta vibaya, ikang'oka na nywele. Ukapiga kelele wodi nzima ikasikia: "Mama mjinga!"

Niliketi sakafuni, na sare yangu nyeupe, nikacheka na kulia pamoja. Nikakuomba, "Sema tena." Ukasema tena. Ukasema mpaka wagonjwa wengine wakaanza kukusaidia.

Keshokutwa niko zamu ya asubuhi. Nimemwomba mtu wa simu za hospitali aniite ikitokea simu ya Nairobi, hata kama niko ndani ya thieta nimevaa glavu. Piga, Hamisi. Ukishamwambia daktari, au usipomwambia, piga. Nitukane unavyotaka, kwa sauti yako yote. Sitakata simu.

Mama